Nairobi kwa Wikendi Moja: Mwongozo Kamili wa Sanaa, Muziki wa Bendi na Vichekesho

Wageni wengi wanaokwenda Nairobi kwa wikendi ya burudani hurudi na malalamiko yanayofanana. Walitua Ijumaa jioni, wakakwama kwenye foleni mpaka onyesho likawapita. Jumamosi wakazunguka kutoka pembe moja ya jiji hadi nyingine. Jumapili wakakuta milango ya nyumba za sanaa imefungwa. Pesa iliishia kwenye teksi, na bendi waliyoifuata wakaisikia kwa mbali wakiwa bado getini.

Tatizo liko kwenye mpangilio. Wanaorodhesha kila kitu wanachotaka kuona, halafu wanajaribu kukibana ndani ya siku mbili. Nairobi haiendi hivyo. Anza na usiku wako, yaani vitu vyenye tiketi na saa maalumu, kisha jaza mchana kwa vilivyo jirani na pale utakapokuwa usiku. Hatua zote zilizo hapa chini zinatokana na kanuni hiyo moja.

Namfikiria hasa msafiri anayetoka Dar es Salaam, Arusha, Kampala au Mombasa, anayeingia Ijumaa na kuondoka Jumapili usiku au Jumatatu asubuhi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

Pasipoti au kitambulisho cha taifa. Makumbusho ya Kenya yana viwango tofauti vya kiingilio: raia, watu wa Afrika Mashariki, na wageni wa mbali. Usipoonyesha hati, unaweza kutozwa kiwango cha juu.

Laini ya Safaricom yenye M-Pesa. Husajiliwa kwa pasipoti, dukani, kwa muda mfupi. Usiione kama anasa. Tiketi, teksi, chakula na hata kinyago cha barabarani hulipwa kwa simu, na zipo sehemu ambazo hazitaki kabisa kushika noti. Weka salio la kutosha siku mbili.

Programu za teksi. Uber, Bolt na Little zote zinafanya kazi. Zipakue na kujisajili ukiwa bado nyumbani, kwa sababu ujumbe wa kuthibitisha namba husumbua ukishabadilisha laini.

Sweta au koti. Jiji liko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mtu wa pwani anayefika Julai na fulana peke yake ataondoka kwenye onyesho la nje kabla ya bendi kuu kupanda. Kati ya Machi na Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, ongeza mwavuli.

Mfuko wa kitambaa. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 na sheria hiyo inafuatwa. Usiingie na ile ya sokoni.

Pawabanki na bomba gumu la karatasi. Pawabanki ni kwa sababu tiketi yako, nauli yako na ramani yako vyote viko kwenye simu. Bomba ni la kubebea picha ukinunua. Matumizi yake yako kwenye hatua ya mwisho.

## Hatua ya 1: Tafuta vichekesho kwanza

Fanya hivi wiki mbili hadi tatu kabla ya safari, kabla hata ya kukata nauli.

Sababu ni rahisi. Muziki wa bendi Nairobi upo kila wikendi. Ukikosa mahali pamoja utapata pengine. Picha ukutani haziendi popote. Lakini onyesho zuri la vichekesho vya jukwaani lina tarehe moja, ukumbi mdogo na viti vya kuhesabika. Ndilo linaloamua wikendi yako iwe lini.

Matangazo mengi hutoka kwenye Instagram, kwenye kurasa za wachekeshaji wenyewe na za kumbi. Anza na Alliance Française, kituo cha utamaduni wa Kifaransa kilicho kwenye kona ya barabara za Loita na Monrovia, na Kenya National Theatre iliyo Harry Thuku Road, jirani na Chuo Kikuu cha Nairobi. Kumbi hizi mbili zinatembeleana kwa miguu, na ratiba zake ndizo njia ya haraka ya kujua mji una nini wikendi hiyo: tamthilia, tamasha, maonyesho ya picha au vichekesho. Kisha angalia hoteli na mikahawa ya Westlands na Kilimani.

Soma bango kwa makini. Mara nyingi lina saa mbili: saa ya milango kufunguliwa na saa ya onyesho kuanza. Liangalie kama kuna kikomo cha umri, na kama bei ya mapema bado ipo. Bei ya getini huwa juu zaidi.

Tahadhari: nunua kupitia kiungo kilichowekwa na mwandaaji mwenyewe. Mtu akikufuata kwa ujumbe wa faragha na tiketi "iliyobaki", mwache. Ukishalipa, piga picha ya skrini ya tiketi, maana mtandao getini hudorora watu wanapokuwa wengi.

Kama wikendi uliyoichagua haina onyesho linalokuvutia, sogeza safari. Ni afadhali kuchelewa wiki mbili kuliko kwenda kutazama lolote litakalokuwepo.

## Hatua ya 2: Chagua upande mmoja wa jiji, ulale huko

Kwa shughuli hizi, gawa Nairobi katika makundi matatu:

1. Katikati ya jiji, Museum Hill na Westlands. Museum Hill iko njiani baina ya hizo nyingine mbili.
2. Kilimani, Lavington na Ngong Road.
3. Barabara ya Limuru: Gigiri, Rosslyn, mpaka Banana Hill iliyo tayari upande wa Kiambu.

Tafuta malazi kwenye kundi lenye ukumbi wa tiketi yako. Kundi la tatu ni zuri sana kwa picha, lakini liko mbali na burudani nyingi za usiku. Nakushauri ulitembelee mchana tu.

Watu hukataa hatua hii kwa kuwa wamepata chumba cha bei nafuu upande wa pili wa mji. Hesabu tena. Utalipa teksi ya kwenda na kurudi usiku mara mbili au tatu, na usiku wa manane nauli za programu hupanda. Zaidi ya pesa, utalazimika kuondoka mapema kwa kuogopa safari ya kurudi, wakati bendi za Nairobi huchangamka usiku ukishaenda.

Umefanya sawa ikiwa kutoka kitandani hadi ukumbini ni dakika 15 za gari wakati wa usiku.

## Hatua ya 3: Ijumaa, fika mapema na usiende mbali

Panga kutua au kushuka basi kabla ya saa tisa alasiri. Kuanzia saa kumi jioni ya Ijumaa, hasa mwisho wa mwezi mishahara ikiwa imeingia na mvua ikinyesha, barabara za Nairobi hufungana. Wenyeji wenyewe hukaa maofisini hadi saa mbili usiku kungoja jamu ipungue.

Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta, mwambie dereva atumie Expressway, barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022 inayokwenda hadi Westlands. Ina tozo, na ni mzigo wa abiria, kwa hiyo kubalianeni kabla ya kuanza safari. Kwa Ijumaa jioni inastahili kila shilingi.

Usiku wa kwanza uwe mwepesi. Kula karibu na ulipolala, na kama kuna mkahawa wenye bendi ndogo mtaani kwako, kaa hapo. Usinunue tiketi ya onyesho la saa moja jioni siku ya kuwasili, hata kama ndege inaonyesha utafika saa kumi.

Onyo moja la barabarani: ukiwa ndani ya gari kwenye foleni, kioo kiwe juu na simu isikae dirishani. Simu nyingi za wageni hupotelea hapo, mchana kweupe.

## Hatua ya 4: Jumamosi asubuhi, nenda kwa wasanii wenyewe

Nyumba nyingi za sanaa za binafsi hufunga Jumapili. Jumamosi ndiyo siku yake, na mapema ni bora kwa sababu baadhi hufunga alasiri.

Mgeni akiambiwa sanaa ya Nairobi, huenda moja kwa moja Maasai Market, soko linalohamahama kulingana na siku. Sikukatazi. Kuna shanga nzuri na vikapu vizuri, na bei inajadiliwa. Lakini vinyago vingi utakavyoviona pale utavikuta pia Arusha na Zanzibar. Ukitaka kuona kinachotokea Nairobi sasa hivi, nenda karakana.

Anza na Kuona Artists Collective, Kilimani. Ni ua wenye studio ndogo ndogo zilizopangana, na nje kumesimama sanamu za vyuma chakavu. Ukiingia, mlango wa studio ukiwa wazi, piga hodi. Sema unatoka wapi na uombe kuangalia. Utamkuta mtu ameinama juu ya ubao wa mbao, wino mweusi vidoleni, akibandua karatasi taratibu kutoka pembeni aone kama chapa, yaani picha inayopigwa kutoka ubao uliochongwa, imeshika. Msanii Dennis Muraguri amejulikana kwa chapa za namna hiyo zinazoonyesha matatu, yaani daladala za Kenya: gari zima limejaa maandishi, madirisha na makondakta wanaoning'inia, lote limechongwa kwanza kwenye mbao.

Uliza swali kuhusu kazi kabla ya kuuliza bei. Muulize ametumia nini, imemchukua muda gani, kwa nini rangi hiyo. Msanii anayeona unajali atakutolea picha zilizoegemezwa nyuma ya kabati, ambazo mara nyingi ndizo bora. Usipige picha kazi ambayo haijakamilika bila ruhusa.

Kisha pita Circle Art Gallery, Lavington. Humo kazi zimetundikwa kwa nafasi, zina majina na maelezo, na wasanii wanatoka Afrika Mashariki nzima. Kazi ni za bei kubwa, lakini kutazama hakuna deni. Baada ya kukaa studio, utaona kwa nini picha mbili zinazofanana kwa mbali zinatofautiana ukizisogelea.

Ukipendelea kutembelea kundi la tatu, badala yake nenda Nairobi Contemporary Art Institute, kituo kilichoanzishwa na mchoraji Michael Armitage, kilichopo Rosslyn, kisha nyumba ya sanaa ya One Off iliyo eneo hilohilo.

Sehemu mbili, tatu zinatosha kwa asubuhi moja. Saa nane mchana uwe umekaa unakula. Ukiweza kumweleza mwenzako kazi moja uliyoiona, na sababu iliyokufanya usimame mbele yake, asubuhi imekwenda vizuri.

## Hatua ya 5: Tazama nganya

Hii ni fupi na ni ya bure. Nganya ni matatu iliyopambwa kwelikweli: picha za wanamuziki na wachezaji mpira ubavuni, taa za rangi, skrini ndani, muziki unaotetemesha kiti. Magari ya Rongai, mji ulio nje ya Nairobi, namba 125 na 126, yana sifa hiyo, na kituo chake kiko eneo la Railways, katikati ya jiji. Simama kando saa kumi alasiri, simu mfukoni, utazame yanavyoingia. Ukitaka kupanda, panda kwa kituo kimoja au viwili mchana. Usiende nalo hadi Rongai halafu uhangaike kurudi.

## Hatua ya 6: Jumamosi usiku, vichekesho

Kama tiketi yako ni ya Ijumaa au Jumapili, hamisha hatua hii tu. Mambo yake ni yaleyale.

Fika saa ya milango. Ni kweli maonyesho mengi huchelewa kuanza, pengine kwa saa nzima. Lakini viti vingi havina namba. Anayefika mapema hupata katikati. Anayefika saa ya onyesho hupata nyuma ya nguzo.

Usikae mstari wa mbele, isipokuwa umeamua. Mchekeshaji hutafuta mtu wa kuzungumza naye, na mgeni ni zawadi kwake. Akiuliza "Kuna Mtanzania humu?" na wewe ukainua mkono, jua umeshaingia kwenye onyesho. Ataigiza unavyoagiza chai kwa upole, ataiga lafudhi yako, ukumbi utaangua kicheko. Jibu kwa ufupi na utabasamu. Ukimbishia atakuzidi, maana kipaza sauti ni chake.

Jiandae kwa lugha. Vichekesho vya Nairobi huchanganya Kiswahili, Kiingereza na Sheng, lugha ya mitaani ya Nairobi, ndani ya sentensi moja, na utani mwingi unategemea makabila na mitaa. Msikilizaji wa Kiswahili sanifu hupoteza nusu ya kwanza akijiuliza nani kasemwa. Wiki moja kabla ya safari, tazama video fupi za wachekeshaji walio kwenye bango lako, dakika kumi kila siku. Sikio huzoea upesi. Jifunze pia majina ya pesa, kwa kuwa yanajirudia sana jukwaani na yatakufaa hata barabarani: ashu ni shilingi 10, mbao ni 20, finje ni 50, soo ni 100, thao ni 1,000. Na ujue jinsi mitaa inavyotajwa: Eastlands ni maisha ya kubana, Karen ni matajiri, Rongai ni mbali kupita kiasi. Ukijua hayo matatu utacheka na wenzako.

Usirekodi. Mchekeshaji anaishi kwa vichekesho vile vile mwaka mzima. Ukivirusha mtandaoni umemlia riziki yake, na kumbi nyingine hukutoa nje.

Usivunjike moyo ukikosa utani mmoja. Ukiona umeanza kucheka kabla jirani yako hajakufafanulia, sikio limeshaingia mjini.

## Hatua ya 7: Kutoka vichekesho hadi bendi

Vichekesho vikiisha saa nne au tano usiku, bendi ndiyo kwanza zinapamba moto. Usivuke jiji. Chagua mahali ulipopatazama mapema, ndani ya kundi lako.

Jambo la kuamua kabla ni aina ya muziki, kwa kuwa neno "bendi" kwenye bango halikwambii kitu.

Rhumba ni chaguo salama kwa mara ya kwanza. Nairobi iliwalea Wakongo wengi na Watanzania pia. Ndugu Wilson na George Kinyonga, waanzilishi wa bendi ya Simba Wanyika, walianzia muziki Tanga kabla ya kuhamia Kenya. Utakuta meza, watu wazima waliovaa vizuri, magitaa yanayojibizana, na nusu ya nyimbo utazijua.

Benga ina mwendo wa kasi, gitaa kali linalokimbizana na besi. Ni muziki wenye asili ya Waluo, na mfalme wake, D. O. Misiani, alizaliwa Shirati, mkoani Mara. Ukiambiwa kuna ohangla, muziki mwingine wa Waluo, tegemea ngoma nyingi na kucheza bila kukaa.

Mugithi ni mtu mmoja na gitaa lake, nyimbo nyingi kwa Kikuyu, na ukumbi mzima ukiimba pamoja naye. Mgeni asiyejua neno hata moja hushikwa mkono na kuingizwa kwenye mstari wa wachezaji. Kwa maoni yangu ndiyo burudani inayomkaribisha mgeni kuliko zote, ingawa waandishi wa safari huipita.

Jazi iko zaidi kwenye mikahawa; Geco Cafe, Lavington, inajulikana kwayo. Huko watu husikiliza, kwa hiyo mazungumzo yafanye wakati wa mapumziko.

Piga simu ukumbini mchana huohuo uthibitishe mambo mawili: bendi inapiga kweli leo, na inapanda saa ngapi. Mabadiliko ya dakika za mwisho ni mengi, na bango la zamani hubaki mtandaoni muda mrefu.

Kaa pembeni mwa jukwaa badala ya mbele ya spika. Lipa bili yako kadiri unavyoagiza, ili usiishie kusubiri mhudumu saa nane usiku. Usiache kinywaji mezani ukaenda kucheza. Teksi iite ukiwa bado ndani, hakiki namba ya gari, ndipo utoke. Usitembee usiku, hata kama ni mita mia tatu.

## Hatua ya 8: Jumapili, Museum Hill

Jumapili asubuhi barabara ziko wazi na watu wengi wako kanisani. Ndiyo asubuhi ya Makumbusho ya Taifa, ambayo hufunguliwa kila siku saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi na moja na nusu jioni. Malipo hufanywa kwa njia ya kielektroniki; fungua ukurasa wa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, kabla hujafika getini.

Ndani kuna maonyesho ya wasanii wa sasa pamoja na picha za mchoraji Joy Adamson za watu wa jamii mbalimbali za Kenya, kila mmoja katika mavazi na mapambo yake. Zisogelee utazame shanga, zimechorwa moja moja. Uani amesimama mfano wa tembo Ahmed wa Marsabit, aliyelindwa kwa amri ya rais mwaka 1970 kwa sababu ya ukubwa wa pembe zake.

Ukibaki na muda na nguvu, ongeza Nairobi Gallery, jengo la mwaka 1913 lililo kwenye makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway. Humo mna sehemu ya mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa Kenya: vito, nguo, samani, kazi za Afrika nzima. Sehemu nyingine ya mkusanyiko huo iko ghorofa ya chini ya Kenya National Archives, Moi Avenue, ila hiyo itabidi uiingize siku nyingine, kwa sababu Jumapili hufungwa.

Alasiri angalia kama kuna tamasha la nje. Matamasha kama Blankets & Wine, lililoanza mwaka 2008, huwa na siku zake maalumu, na likiangukia wikendi yako lihesabu kama tukio kuu: sogeza makumbusho mapema na uondoke Jumatatu.

## Hatua ya 9: Kurudi na ulichonunua

Picha ya turubai iondolewe kwenye fremu. Mwombe msanii mwenyewe aizungushe, upande wenye rangi ukiwa nje, kwa kuwa ukiuweka ndani rangi hujikunja na kupasuka. Weka karatasi laini juu yake, kisha iingize kwenye lile bomba ulilokuja nalo na uingie nalo kwenye ndege mkononi. Chapa za karatasi nazo hubebeka hivyohivyo.

Picha ambayo rangi yake haijakauka sawasawa isizungushwe. Ukiigusa pembeni ikanata, iache kwa msanii akutumie baadaye.

Omba stakabadhi yenye jina la msanii, jina la kazi, mwaka na bei. Forodha wataiulizia, na siku ukitaka kuiuza au kuikatia bima ndiyo ushahidi wako. Kuhusu vitu vya kale, vinyago vya zamani na vifaa vya mila, usinunue barabarani kwa maneno tu kwamba "ni cha babu". Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inataka kibali cha kuvitoa nchini, na asiye nacho hunyang'anywa uwanjani.

Kwa ndege ya Jumapili usiku, ondoka mjini ikiwa imebaki muda wa saa tatu na nusu hadi nne kabla ya ndege kuruka. Magari hukaguliwa kwenye lango la kuingilia uwanjani na abiria hushuka kupita kwenye mashine, kwa hiyo bomba lako liwe mkononi, si chini ya masanduku kwenye buti.